Penseli Nyuma ya Kadi

Kosa ninalotaka kulisimulia nililitenda kwa nia njema, tena kwa raba ya mwanafunzi, ile ya kufutia hesabu. Ilikuwa majira ya baridi ya mwaka 1999 katika mji wa Syracuse, jimbo la New York, ambako mchana nilikuwa mwanafunzi wa historia na usiku nilikuwa mtunza wazee. Wenzangu waliokwenda kusoma Marekani bila mjomba tajiri wataielewa kazi hiyo bila kuelezwa. Unamwogesha mzee wa watu, unampa dawa zake kwa saa, unakaa kitini hadi alfajiri ukisoma vitabu vyako kwa taa ndogo, na asubuhi unakanyaga theluji kwenda darasani huku unasinzia.

Mzee niliyepangiwa alikuwa na umri wa miaka 82. Mkewe alikwisha fariki, na mtoto wake wa pekee, binti, alikuja kila Jumapili. Nilimwita Mzee, kwa Kiswahili hivyo hivyo. Nilipomweleza maana yake alicheka sana, akasema kwao ukimwita mtu hivyo mbele ya watu anakasirika. Lakini alilizoea, na nilipochelewa aliniambia, "Mzee alikuwa anakungoja."

Usiku mmoja aliniomba nimshushie kopo la biskuti lililokuwa juu ya kabati. Ndani mlikuwa na saa ya mfukoni isiyotembea, vyeti vya marehemu baba yake, na kadi moja ndogo, kama sentimita 4 kwa 6. Ilikuwa picha ya kahawia iliyobandikwa juu ya karatasi ngumu: mwanamume aliyevaa sare ya mchezo wa besiboli, amekunja magoti kidogo, mikono mitupu mbele, anangoja mpira. Chini yake liliandikwa jina Glasscock, na timu yake, Indianapolis.

Kwa wasioujua mchezo huo, besiboli ni mpira wa kugongwa kwa gongo, kisha aliyegonga hukimbia kuzunguka vituo vinne. Wamarekani wanaupenda kama sisi tunavyopenda kandanda, ila wao huupenda pamoja na hesabu zake. Jack Glasscock alikuwa mlinzi mashuhuri wa nafasi iliyo kati ya kituo cha pili na cha tatu, na watu walimpa jina la utani la Jack wa Kokoto, kwa sababu alikuwa na tabia ya kuinama na kuokota vijiwe uwanjani ili mpira usije ukaruka vibaya. Mzee alinieleza hayo yote akiwa amefumba macho. Baba yake ndiye aliyemsimulia. Baba huyo alizaliwa mwaka 1879, na kadi hiyo aliipata akiwa mtoto wa miaka tisa au kumi, kutoka kwenye sigara za babu.

Nyuma ya kadi hapakuchapwa kitu. Kadi za aina hiyo ziko tupu nyuma. Lakini hapo mtoto yule alikuwa ameandika kwa penseli, kwa mwandiko wa kukandamiza, jina lake kamili. Chini yake aliandika neno moja, Walker, kisha herufi c.

Niseme kidogo jinsi kadi hizo zilivyozaliwa. Katika miaka ya 1880 sigara ziliuzwa katika pakiti laini zilizopondeka upesi mfukoni, na watengenezaji walitia ndani kipande cha karatasi ngumu ili pakiti isimame. Kutoka hapo, kukitia kipande hicho picha ilikuwa hatua fupi, na sababu ya kuichukua hatua hiyo ilikuwa mashine. Mwaka 1881 James Bonsack, kijana wa Virginia, alipata hataza ya mashine ya kusokota sigara. Msokotaji hodari wa mkono alisokota kama sigara 3,000 kwa siku. Mashine moja ilitoa kama 120,000 kwa saa kumi. Sigara zikawa nyingi kuliko wavutaji, na kila kampuni ikawa inatafuta hila ya kumfanya mteja aseme dukani, "Nipe ile." Picha ndiyo ikawa hila yenyewe: waigizaji wa kike, wafalme, ndege, bendera za nchi, na wachezaji.

Kampuni ya Allen & Ginter ya Richmond ilitoa seti ya mabingwa 50 waliochapwa kwa rangi nzuri, na kumi kati yao walikuwa wa besiboli. Wengine walikuwa mabondia, wapiga makasia, na wapiga shabaha, akiwamo mwanamke mmoja, Annie Oakley. Kampuni ya Goodwin ya New York, iliyokuwa na sigara iitwayo Old Judge, iliwapiga wachezaji picha. Kati ya mwaka 1886 na 1890 ilitoa picha za wachezaji zaidi ya 500, kila mmoja katika mikao kadhaa. Kadi ya Mzee ilikuwa ya jamii hiyo.

Ukizitazama kadi za Old Judge utacheka kidogo, kisha utazipenda. Kamera za siku hizo hazikuweza kumkamata mtu anayekimbia, kwa hiyo wachezaji waliitwa studio, wakasimama mbele ya pazia lililochorwa, na mpira ukaning'inizwa kwa uzi kutoka juu. Mchezaji ananyosha mikono kuudaka mpira usiokwenda popote, na katika kadi nyingine uzi unaonekana dhahiri. Mwingine amelala sakafuni anajifanya anateleza kuingia kituoni. Ni watu wazima, mashujaa wa miji yao, wamewekwa kama watoto wanaocheza kibaba na kimama, nao wamekubali. Mimi mtoto wa Morogoro niliyekusanya vizibo vya soda na kuvipanga kama timu mbili uwanjani sikuhitaji kufundishwa kwa nini mtoto wa mwaka 1888 aliingoja pakiti ya baba yake iishe.

Mambo hayo hayakudumu. Mwaka 1890 kampuni tano kubwa za sigara, Goodwin na Allen & Ginter zikiwamo, ziliunganishwa kuwa American Tobacco Company chini ya James Duke. Ushindani ulipokwisha, na haja ya kumbembeleza mvutaji ikapungua, na kadi zikawa haba kwa miaka mingi.

Sasa nirudi kwenye raba. Jumapili moja binti yake Mzee aliiona kadi mezani. Alikwisha kusikia kwamba kadi za zamani zina bei, na katika nyumba ile gesi ya kupashia vyumba joto ilikuwa inahesabiwa kama sisi tunavyohesabu mkaa mwisho wa mwezi. Aliniuliza mimi, kwa kuwa mimi ndiye msomi wa historia. Nikasema nitachunguza. Nikanunua gazeti la wakusanyaji, nikasoma usiku kucha, na kufikia alfajiri nilijiona mtaalamu.

Nilichojifunza ni kwamba kadi siku hizi haiuzwi kwa jina lake tu; inauzwa kwa daraja. Kampuni iitwayo PSA, iliyotokana na biashara ya kupima sarafu, ilianza kazi hiyo mwaka 1991, na nyingine zikafuata. Unaituma kadi kwa posta. Wapimaji wanaitazama kwa lenzi: pembe nne kama bado ni kali, kingo kama zimechakaa, picha kama imekaa katikati, uso kama una mkunjo, doa au mkwaruzo. Wanaipa namba kutoka 1 hadi 10, wanaifungia ndani ya kasha gumu la plastiki, na namba inaandikwa juu. Anayenunua anasoma namba kwanza, kisha kadi, kama anaisoma kabisa.

Mimi sipingani na madaraja. Yalikuja kwa sababu watu walikuwa wanaibiwa. Ukinunua kitu kwa posta kutoka kwa mtu usiyemjua, maneno "hali nzuri sana" yana upana kama bahari, na kadi chakavu inaweza kukatwa kingo kwa kisu ili pembe zionekane mpya. Hata wapimaji walidanganywa. Kadi ya kwanza kabisa kupewa daraja na PSA ilikuwa ya Honus Wagner, ya mwaka 1909 na kuendelea, si ya karne ya 19, nayo ilipewa namba 8. Ilikuwa maarufu kuliko zote. Mwaka 2013 mfanyabiashara Bill Mastro alikiri mahakamani kwamba yeye mwenyewe aliikata kingo zake kabla haijapata daraja hilo. Plastiki ilikuwa imelinda uongo kwa zaidi ya miaka 20, na bei yake ilikuwa imepanda muda wote huo.

Kwa kadi za picha za karne ya 19 kuna taabu ya peke yake. Picha zile zilichapwa juu ya karatasi iliyopakwa ute wa yai na chumvi za fedha, nazo hupauka. Nyingine zimekuwa za rangi ya waridi, nyingine zimebaki kivuli tu. Kwa hiyo unaweza kupata kadi yenye pembe kali kama wembe na uso wa mzimu, na jirani yake pembe zimeviringana kama sabuni iliyotumika, lakini uso uko hai, unaona hadi vifungo vya shati. Namba moja inalazimika kuzisemea zote mbili. Tena kadi inayopata namba kubwa mara nyingi ni ile ambayo hakuna mtoto aliyeibeba mfukoni. Iliangukia ndani ya kitabu, ikasahauliwa, ikapona. Ile iliyopendwa imepigiliwa ukutani, imebadilishwa na rafiki, imeandikwa jina, na adhabu yake ni namba ndogo. Hilo nilikuja kulifikiri baadaye. Usiku ule nilifikiri jambo moja tu: gazeti lilisema maandishi ya penseli hushusha daraja.

Kadi ya Mzee ilikuwa na uso mzuri na pembe za wastani. Kilichoiharibu, kwa macho yangu, ni yale maandishi. Nilimwambia Mzee kwamba penseli hufutika. Alinyamaza, kisha akasema, "Wewe ndiye unayesoma. Fanya uonavyo." Mtu aliyelelewa kwetu angesikia katika maneno hayo mzee anayekataa kwa adabu. Nami nililelewa kwetu. Lakini yalisemwa kwa Kiingereza, na Kiingereza nilikuwa nakisikiliza kwa masikio ya darasani tu.

Nilifuta. Nilikwenda polepole, nikipuliza vumbi la raba, na kwa dakika kama kumi jina la mtoto likaondoka, kisha Walker, kisha ile c. Nilijisifu kwa jinsi nilivyoacha karatasi safi.

Kadi ilirudi baada ya wiki kadhaa, imefungwa kwenye plastiki, haina namba. Badala ya namba iliandikwa kwamba ni halisi lakini imeingiliwa. Sikuwa na la kulalamika, wapimaji walikuwa sahihi. Nyuzi za karatasi ziliinuka pale raba ilipopita, na jicho lenye lenzi liliona. Penseli ingeishusha daraja, ndiyo, lakini ingebaki na namba. Kufuta kuliivua namba kabisa. Binti alisema haidhuru, kwa sauti ya mtu anayesema haidhuru. Mzee aliigeuzageuza ile plastiki mikononi, akaitazama nyuma, akaniomba nimzimie taa.

Sasa kwa aibu nikaanza kusoma kama nilivyopaswa kusoma mwanzo. Nilikuta kwamba mtu aliyeweka msingi wa ukusanyaji huu alikuwa mwenyeji wa mji ule ule wa Syracuse. Jefferson Burdick, aliyezaliwa mwaka 1900, alikuwa fundi wa kuunganisha vifaa vya umeme kiwandani, hakuoa, hakuwa na mali, na viungo vyake viliharibiwa na baridi yabisi. Ndiye aliyetoa katalogi ya kwanza kubwa ya kadi mwaka 1939, na namba zake ndizo zinazotumika hadi leo: herufi N kwa kadi za tumbaku za karne ya 19, kwa hiyo Old Judge ni N172 na wale mabingwa wa Allen & Ginter ni N28. Alikusanya vipande zaidi ya 300,000, akavitoa vyote kwa jumba la makumbusho la Metropolitan mjini New York, na miaka yake ya mwisho alikwenda huko kila alipoweza, na vidole vyake vilivyopinda, kuvipanga katika albamu. Alimaliza tarehe 10 Januari 1963. Kesho yake alijilaza hospitali, na mwezi Machi akafariki.

Alivipangaje? Alivibandika kwa gundi. Baba wa wakusanyaji wote alizipaka kadi zake gundi! Mpimaji wa leo akiitazama kazi hiyo atashika kichwa, maana gundi ni maangamizi ya daraja. Nilikwenda New York nikaona sehemu ndogo ya mkusanyo huo nyuma ya kioo, nikasimama mbele yake muda mrefu kuliko walinzi walivyopenda. Burdick hakuzihifadhi zipate namba, alitaka zikae pamoja na zitazamwe. Na nilifikiri pia, kama kadi ya Mzee ingekuwa mikononi mwake, maandishi yale yangefichwa na gundi, lakini yangekuwapo.

Katika usomaji huo huo ndipo nilipokutana na Walker.

Moses Fleetwood Walker alikuwa mtu mweusi, msomi aliyepitia vyuo vya Oberlin na Michigan, na kazi yake uwanjani ilikuwa mdakaji, yule anayechutama nyuma ya mgongaji. Mwaka 1884 alicheza michezo 42 katika timu ya Toledo, iliyokuwa katika mojawapo ya ligi kuu za wakati huo. Mwaka mmoja kabla yake, timu ya Chicago ilipokwenda Toledo, nahodha wao Cap Anson alitishia kutocheza iwapo mtu mweusi atakuwa uwanjani. Akacheza, kwa sababu kukataa kungemkosesha fedha za viingilio. Tarehe 14 Julai 1887 Anson huyo huyo alikuwa Newark, na mrushaji mweusi George Stovey hakupangwa dhidi yake. Siku ile ile wenye timu wa Ligi ya Kimataifa walipiga kura kutosaini mikataba mipya na wachezaji weusi. Anson yumo katika wale kumi wa Allen & Ginter. Wote kumi ni weupe.

Na Walker, baada ya kura ile, alichezea wapi? Syracuse. Alikuwa mdakaji wa timu ya mji huo mwaka 1888 na 1889. Mwaka 1888 Chicago ya Anson ilikuja hapo kwa mchezo wa kirafiki, Anson akaona jina la Walker katika orodha, akagoma, na akawekwa mdakaji mwingine. Mwaka 1889 Walker aliachwa, na ligi ile haikuwa tena na mchezaji mweusi hadi Jackie Robinson mwaka 1946.

Katika karatasi za kuandikia matokeo, mdakaji huandikwa kwa herufi moja, c.

Naandika hivi kwa tahadhari. Walker ni jina la watu wengi, na mtoto wa shule anaweza kuandika jina la rafiki aliyekusudia kumpa kadi, na c ikawa mwanzo wa jina lake la pili. Mwanahistoria angesema lete ushahidi tuutazame: mwandiko ni mmoja? penseli ni moja? kuna nukta baada ya herufi? Ushahidi ulikuwa mikononi mwangu usiku mzima, chini ya taa, nami nikautazama kama uchafu. Tena ni mimi, mtu mweusi niliyelipiwa ada kusoma historia. Mtoto yule huenda alikaa uwanjani akamwona mdakaji huyo, kisha akafungua pakiti moja baada ya nyingine bila kumpata, mwisho akaamua kumtengenezea nafasi nyuma ya mtu mwingine. Au huenda sivyo.

Nilimweleza Mzee. Nilimwomba radhi kwanza kwa jina la baba yake, kisha nikamsimulia habari za Walker. Alisikiliza hadi mwisho. Nilimuuliza kama baba yake aliwahi kumtaja mdakaji mweusi. Alifikiri sana, nami nikaona jinsi alivyotaka kunipa jibu nililolitaka, na jinsi alivyojizuia. "Baba alizungumza habari za Glasscock na kokoto zake," alisema. "Mengine hakuyasema, au aliyasema nami sikusikiliza." Kisha akaniomba nilete koleo.

Tuliipasua ile plastiki pamoja, mimi nikishika, yeye akielekeza, maana kasha lile ni gumu kuliko linavyoonekana. Kadi ikatoka salama. Tuliishika chini ya taa kwa kuilaza, na kwa pembeni mfereji wa penseli ulionekana bado, hasa katika jina la mtoto, kwa kuwa alikandamiza. Mahali pa neno la pili niliona mistari miwili mitatu tu. Mzee alipitisha kidole gumba juu yake mara kadhaa. Wapimaji wangepiga kelele.

Mzee alifariki mwaka 2001. Mwaka 2003, nikiwa nimekwisha rudi Morogoro, nilipata barua ya binti yake. Alisema kadi hataiuza, iko katika kopo lake la biskuti, na ameinunulia bahasha isiyo na asidi. Aliniomba nimwandikie maneno yaliyokuwa nyuma, kama yalivyokuwa, ili ayanakili juu ya bahasha. Nilimwandikia jina la babu yake. Mstari wa pili nikaandika Walker, halafu c, na nikamweleza kwamba sikumbuki kama kulikuwa na nukta.